Upinde Tulioudhani Ufa: Uchambuzi wa Kisa cha Mitetemo ya Baadaye Magharibi mwa Rwenzori

Kisa hiki kinahusu majuma matano ya kufuatilia mitetemo ya baadaye iliyofuata tetemeko la ardhi la ukubwa wa kati upande wa magharibi wa milima ya Rwenzori, Uganda, na jinsi kikundi chetu kidogo kilivyouchora ufa uliopasuka ukiinamia upande usio wake. Mwaka, majina ya vijiji, shule, gombolola na watu yameondolewa, na ukubwa wa tetemeko umetajwa kwa kukadiria. Mchoro wa kwanza niliuchora mimi, kwa hiyo popote ninapoandika kwamba tulikosea, sijifichi nyuma ya wingi.

Usuli

Rwenzori haikujengwa na volkano kama Elgon au Kilimanjaro. Ni pande kubwa la miamba ya kale lililoinuliwa ndani ya mkono wa magharibi wa Bonde la Ufa, hadi kilele cha Margherita chenye mita 5,109, na pande hilo limezungukwa na nyufa zinazoendelea kufanya kazi. Upande wa magharibi, ufa wa Bwamba unapita kwenye nyayo za mlima na kushuka chini ya tambarare ya Semliki. Upande wa mashariki, ufa wa Ruimi-Wasa unashuka kuelekea Ziwa George. Kwa kuwa ardhi ya eneo hili inavutwa na kutanuka, upande uliolala juu ya ufa huteleza na kushuka kila ufa unapopasuka, na ndiyo sababu mabonde yanazidi kwenda chini na mlima unabaki juu.

Wakazi wanayajua haya kwa miili yao. Wazee wa Bundibugyo na wa Fort Portal wanalikumbuka tetemeko la Toro la tarehe 20 Machi 1966, lililoua watu zaidi ya mia moja Uganda na Kongo, na wengi zaidi wanalikumbuka la Kisomoro la tarehe 5 Februari 1994, lenye ukubwa wa 6.2. Katikati ya matukio hayo makubwa ardhi hailali. Mtandao wa muda wa vipimatetemeko uliowekwa kuizunguka Rwenzori mwaka 2006 na 2007 ulinasa wastani wa matetemeko 800 hivi kwa mwezi, mengi yakiwa madogo mno kusikika na mtu. Jambo hilo litarudi mbele, kwa sababu mahali penye mitetemo ya kila siku si rahisi kusema ni mtetemo upi uliozaliwa na tetemeko kuu na ni upi ungekuja hata kama tetemeko kuu lisingetokea.

Msomaji asiyefanya kazi hii anahitaji mambo mawili kabla hatujaendelea. La kwanza ni kwamba tetemeko halitokei kwenye nukta. Bapa zima la ufa huteleza, na kwa tetemeko la ukubwa wa 5.5, kwa milinganyo inayotumika sana duniani, bapa hilo lina urefu wa kilometa 6 hivi na upana unaokaribia huo, na miamba ya pande mbili hupishana kwa sentimita 20 hivi. Mitetemo ya baadaye hutokea zaidi juu ya bapa hilo, pembezoni mwake na jirani yake, kwa hiyo ikipimwa vizuri mahali ilipotokea inachora umbo la ufa ambao hakuna jicho litakaloufikia. La pili ni kwamba vituo vya mbali, vilivyotapakaa duniani, vinaweza kusema ufa ulitelezaje, lakini daima hutoa mabapa mawili yanayokatana, na kwa mawimbi yale peke yake hakuna njia ya kujua ni lipi lililopasuka kweli. Mitetemo ya baadaye ndiyo hutoa uamuzi. Tulikwenda kule kwa ajili ya uamuzi huo.

Mambo yalivyofuatana

Tetemeko kuu lilipiga usiku. Kuta za matofali ya udongo zilianguka katika vijiji kadhaa vya tambarare na vya miteremko, madarasa ya shule kadhaa yalipata nyufa, na barabara ya mlimani ilifungwa kwa mawe kwa siku moja na nusu. Vituo vya kimataifa vilitoa ukubwa wa karibu 5.5 na mabapa mawili, yote yakielekea takriban kaskazini-kusini: moja likiinamia magharibi, kuelekea Semliki na Kongo, la pili likiinamia mashariki, chini ya mlima. Kina kiliandikwa kilometa 10. Namba hiyo haikuwa kipimo. Kilometa 10 ni kina kinachowekwa na programu pale data zinaposhindwa kutoa kina chenyewe, na mtu asiyejua desturi hiyo huisoma kama ukweli uliopimwa.

Siku ya tatu tulifika na vipimatetemeko vinne, kila kimoja na betri ya gari na sola ndogo. Viwili tuliviweka upande wa Fort Portal, mashariki mwa mlima. Cha tatu tulikiweka kwenye ncha ya kaskazini ya mlima, mahali barabara inapozunguka kushuka Bundibugyo. Cha nne tulikiweka katika shule ya msingi iliyo tambarare, si mbali na mto wa mpakani. Ng'ambo ya mto ni Kongo, na hali ya usalama haikuturuhusu kuvuka. Kwa hiyo tangu mwanzo vituo vyetu vitatu kati ya vinne vilikuwa mashariki na kaskazini mwa mahali tetemeko lilipotokea, na upande wote wa magharibi ulitegemea kituo kimoja cha shule.

Siku ya sita kituo hicho kimoja kilituvunja moyo. Kwa mujibu wa saa yake, mawimbi ya mitetemo kadhaa yalikuwa yamefika shuleni kabla mitetemo yenyewe haijatokea. Saa ya kipimatetemeko hurekebishwa na setilaiti kupitia antena ya GPS, na antena ile ilikuwa imewekwa chini ya bati la paa, kwa nia njema kabisa ya kuificha isiibiwe. Bati liliizuia isione anga, na saa ikawa inapotea kidogo kidogo kila siku. Tuliiondoa shule katika hesabu zetu zote na kuendelea na vituo vitatu.

Siku ya nane nilichora ramani ya kwanza. Wingu la mitetemo lilienea kilometa 20 hivi. Nilipolikata wima kutoka magharibi kwenda mashariki, nukta zilijipanga kwa namna ya kuvutia: zile zilizo karibu na uso wa nchi zilikuwa magharibi, upande wa mpakani, na kadiri nilivyokwenda mashariki ndivyo zilivyozama. Umbo lilikuwa la ufa unaoinamia mashariki, chini ya mlima, na mwinamo wake ulilingana na mojawapo ya yale mabapa mawili yaliyotolewa na vituo vya dunia. Tulishangilia.

Siku ya tisa tuliitwa kwenye ukumbi wa gombolola, yaani ofisi za utawala wa eneo. Mkutano uliendeshwa kwa Kiswahili, kwa kuwa mle ndani walikuwamo Babwisi, Bakonzo, Batooro na watu waliovuka kutoka Kongo, na hiyo ndiyo lugha iliyowakutanisha wote. Kamati ya maafa ilitaka kujua jambo moja zaidi ya mengine: watoto warudi shule zipi kwanza? Hatukuwa na mamlaka ya kujibu, na tulilisema hilo, lakini tuliweka ramani ukutani na kueleza kwamba vijiji vya miteremko vimelala juu ya bapa la ufa ilhali tambarare ya karibu na mto iko upande wa pili, uliotulia zaidi. Mzee mmoja wa tambarare alisimama na kueleza kwa utaratibu kwamba ngurumo anazozisikia usiku hazitoki mlimani, zinatoka chini ya miguu yake. Tulimshukuru, tukamwita mzee kwa heshima zote, na hatukuandika alichosema. Kamati iliruhusu shule mbili za tambarare zifunguliwe, pamoja na madarasa yaliyokuwa na nyufa ndogo.

Siku ya kumi na mbili tuliongeza kosa juu ya kosa: tulihamisha kituo kimoja cha Fort Portal na kukipandisha kwenye mteremko wa mashariki ili kukifuata kile tulichodhani ni mwisho wa kina wa ufa.

Usiku wa siku ya kumi na tano ulikuja mtetemo wa ukubwa wa karibu 4.4, mkubwa kuliko yote iliyotangulia tangu tetemeko kuu. Katika shule ile ile yenye kituo chetu, ukuta wa pembetatu unaobeba paa la darasa la nne ulianguka ndani, juu ya madawati. Ilikuwa saa saba usiku. Hakuna mtoto aliyekuwamo.

Daftari la mwalimu na saa iliyopotea

Asubuhi yake nilikuwa nimesimama na mwalimu mkuu katika darasa lile. Ni mama wa makamo aliyekwisha kufundisha hesabu kwa miaka mingi. Hakunilaumu, na ukimya wake ulinilemea kuliko lawama. Alikwenda ofisini akarudi na daftari la shule ambamo, tangu usiku wa kwanza, alikuwa ameandika kila mtetemo aliousikia: tarehe, saa kwa simu yake, kama vyombo vilitikisika, na safu moja ambayo hakuna mtu aliyemwagiza aiweke. Alikuwa akiandika kama ngurumo ilitangulia, na amehesabu mpaka ngapi kati ya ngurumo na mtikisiko. Karibu kila mstari ulisema ngurumo imetangulia, na hesabu ilikuwa mbili, mara chache tatu.

Alikuwa akipima kwa masikio yake kitu kile kile ambacho vifaa vyetu vinapima. Tetemeko hutoa wimbi la kwanza, la kusukuma, linalopita kwenye miamba migumu kwa kilometa 6 hivi kwa sekunde, na wimbi la pili, la kutikisa kwa upande, linalokwenda kilometa 3.5 hivi kwa sekunde. Wimbi la kwanza likifika kwenye uso wa nchi karibu na chanzo chake linaweza kusikika kama ngurumo. La pili ndilo linalotikisa nyumba. Kila sekunde moja kati ya mawimbi hayo mawili ni umbali wa kilometa 8 hivi. Anayehesabu mbili hayuko mbali na chanzo. Ngurumo inayosikika usiku baada ya usiku mahali pamoja ni ushahidi wa ujirani, na mzee wa mkutanoni alikuwa ametuletea ushahidi huo wiki nzima kabla.

Hapo ndipo nilipotambua tulichokuwa tumekitupa. Saa ya kituo cha shule ilikuwa mbovu, lakini tofauti ya muda kati ya wimbi la kwanza na la pili haitegemei saa kuwa sahihi. Saa ikiwa mbele kwa sekunde tano, mawimbi yote mawili yanasogea kwa sekunde tano, na tofauti inabaki ile ile. Kwa siku tisa tulikuwa na umbali wa kila mtetemo kutoka kituo pekee cha magharibi, umehifadhiwa kwenye kadi ya kumbukumbu, na tulikuwa tumeuweka kando pamoja na saa.

Tulirudi kwenye ule mchoro mzuri, na kosa likajieleza. Vituo vyote vitatu tulivyovitumia vilikuwa upande mmoja wa mitetemo. Kituo kinachojua umbali tu kinakuambia kwamba chanzo kiko mahali fulani juu ya tufe linalokizunguka. Ukivipanga vituo vyote upande wa mashariki, matufe yao yanakaribia kulingana, na programu haioni tofauti kubwa kati ya chanzo kilicho mbali na karibu na uso, na chanzo kilicho karibu na chenye kina zaidi. Kosa dogo la kusoma wimbi, la sehemu chache za kumi za sekunde, linatosha kuusogeza mtetemo juu ya upinde huo. Mitetemo mia iliyotokea mahali padogo ikisomwa kwa makosa madogo, itatapakaa juu ya upinde: ya magharibi juu, ya mashariki chini. Upinde wenye kitovu chake Fort Portal, ukitazamwa kwa kipande kifupi, unafanana kabisa na ufa unaoinamia mashariki. Nilikuwa nimechora mpangilio wa vituo vyetu wenyewe na kuuita ufa.

Tulivyorekebisha

Siku ya kumi na sita tulifanya maamuzi matatu, na sababu zake nazieleza kwa urefu kwa kuwa hapa ndipo kisa kinapofundisha zaidi.

Antena ilitolewa chini ya bati na kuwekwa juu ya mti mkavu katikati ya uwanja, na mwalimu mkuu akawapa wanafunzi wa darasa la saba zamu ya kuilinda mchana. Kituo kilichokuwa kimepandishwa mteremko wa mashariki kiliteremshwa na kuwekwa juu ya mwamba mtupu kwenye nyayo za magharibi za mlima, kilometa chache kutoka shuleni, katikati ya mashamba ya kakao. Kilisafirishwa kwa bodaboda, kimefungwa kwa blanketi. Na tulirudia kusoma kadi nzima ya shule, mtetemo kwa mtetemo, tukichukua tofauti ya mawimbi mawili peke yake.

Matokeo ya kwanza yalikaribia kutupeleka kwenye kosa jipya. Tofauti za shuleni zilikuwa sekunde 2 na ushei, ambazo kwa kanuni ya kilometa 8 zinatoa kilometa 18 hivi. Tungezikubali hivyo, mitetemo yote ingezama kupita kiasi, na pengine tungebuni ufa wa kina kirefu. Lakini shule haikusimama juu ya mwamba. Bonde la Semliki limejaa mashapo, yaani mchanga, udongo na mawe laini yaliyoletwa na mito kwa muda mrefu mno, na unene wake unafikia kilometa kadhaa. Katika mashapo wimbi la kwanza linapungua mwendo, na la pili linapungua zaidi sana. Ukichukua mashapo ya unene wa kilometa 2 ambamo wimbi la kwanza linakwenda kilometa 2.5 kwa sekunde na la pili kilometa 1, yanaongeza sekunde moja nzima, kasoro kidogo, kwenye tofauti ya mawimbi hayo. Sekunde moja ni kilometa 8 za uongo.

Kituo kipya cha mwambani kilitusaidia kulipima jambo hili badala ya kulikisia. Matetemeko ya mbali, ambayo mawimbi yake huwasili kutoka chini karibu wima kwa vituo vyote viwili, yalionyesha ni kiasi gani shule inachelewesha kila wimbi kuliko mwamba ulio jirani. Tuliutoa ucheleweshaji huo katika vipimo vyote vya shule, vya zamani na vipya. Kisha tukatumia njia ya kulinganisha mitetemo miwili miwili iliyo jirani: ikiwa mawimbi yake yamepita karibu njia ile ile hadi kwenye kituo kile kile, ujinga wetu kuhusu miamba ya njiani unafutika kwa kutoa moja kutoka kwa nyingine, na kinachobaki ni tofauti ya mahali pa vyanzo vyenyewe.

Matokeo

Wingu la kilometa 20 lilijikunja hadi kilometa 7 hivi, urefu ambao tetemeko la ukubwa ule linastahili kuwa nao. Mitetemo mingi ilikaa kwenye kina cha kilometa 6 hadi 13, na ilipokatwa wima ilishuka kuelekea magharibi, kutoka upande wa nyayo za mlima kwenda chini ya tambarare. Bapa lililopasuka lilikuwa lile jingine kati ya yale mawili. Shule ilisimama juu yake.

Tulirudi ukumbini siku ya ishirini na moja. Niliomba nizungumze mwenyewe. Niliweka ramani ya zamani na mpya pamoja, nikaeleza kwamba ya kwanza haikuwa sahihi na kwa nini, na kwamba tambarare tuliyoiita tulivu ndiyo iliyo juu ya ufa, tena imesimama juu ya mashapo laini ambayo huukuza mtikisiko kuliko mwamba. Nilimwomba radhi yule mzee mbele ya watu wote. Alijibu kwamba radhi ameipokea, na akauliza kama sasa tutakuwa tukiandika wanayoyasema. Kamati iliyafunga madarasa yote yenye nyufa bila kujali yako upande gani, na masomo yakaendelea chini ya miembe na maturubai hadi fundi wa majengo alipoyakagua.

Yaliyofanya kazi na yaliyoshindwa

Hesabu ya kupungua kwa mitetemo ilikuwa nzuri tangu mwanzo. Mjapani Omori alionyesha mwaka 1894, akitumia tetemeko la Nobi la 1891, kwamba idadi ya mitetemo ya baadaye hupungua kwa kufuata kinyume cha muda: siku ya kumi inatarajiwa kuwa na sehemu ya kumi hivi ya mitetemo ya siku ya kwanza. Yetu ilifuata mwendo huo, na kwa kuwa kuhesabu hakuhitaji kujua mahali, ramani mbovu haikuiharibu. Mkutano wa kwanza uliambiwa watarajie siku zenye mitetemo michache na michache zaidi, lakini kwamba mmoja wa ukubwa wa 4 na zaidi unaweza kuja hata baada ya wiki mbili, kwa sababu mtetemo mkubwa wa baadaye kwa kawaida hupungukiwa na tetemeko kuu kwa kipimo kimoja na ushei. Huo wa 4.4 ulikuwa ndani ya maelezo hayo. Watu waliolala nje usiku ule walituambia walilala nje kwa sababu ya maneno hayo, na ninalitaja hilo kwa shukrani.

Tulisema pia kwamba tetemeko kubwa zaidi linaweza kufuata, ingawa uwezekano ni mdogo, kama moja kati ya ishirini kwa uzoefu wa California. Baadhi ya wenzangu waliona maneno haya yatatia hofu. Mimi bado naona yalistahili kusemwa. Karonga, Malawi, Desemba 2009, tetemeko kubwa kuliko yote lilikuja tarehe 19, karibu wiki mbili baada ya la kwanza; na Italia, mwaka 2016, lile la Agosti lililobomoa Amatrice lilifuatwa mwezi Oktoba na kubwa zaidi karibu na Norcia. Katika Bonde la Ufa hasa, mifululizo isiyo na tetemeko kuu moja lililo wazi si jambo geni, na kumwambia mkazi kwamba kubwa limekwisha kupita ni kumpa ahadi ambayo ardhi haikuitoa.

Katika juma la nne hesabu iliacha kushuka, na uvumi ukaanza kwamba jambo kubwa linakaribia. Ramani mpya ilisaidia hapa. Mitetemo ya siku zile tulipoipanga ilikuwa imetapakaa kote kuzunguka mlima, si kwenye bapa lililopasuka. Ilikuwa ile mitetemo ya kawaida ya Rwenzori, ambayo daima ipo na ambayo ilionekana upya baada ya mitetemo ya baadaye kupungua na kuifunua. Bila mahali sahihi tusingeweza kulisema hilo kwa uhakika.

Kushindwa kwetu kukubwa hakukuwa antena chini ya bati. Vifaa huharibika. Kulikuwa kwamba tulikuwa na dalili tatu, kila moja ikitosha kutusimamisha, na tulizipita. Wingu la kilometa 20 lilikuwa refu mara tatu ya urefu unaotarajiwa kwa ukubwa wa 5.5, lilipaswa kutuambia kwamba tunatazama makosa ya vipimo zaidi ya ufa. Pengo la pembe kati ya vituo vyetu, yaani pembe kubwa kuliko zote isiyo na kituo ukitazama pande zote kutoka kwenye mtetemo, lilizidi nyuzi 250, na yeyote aliyefundishwa kazi hii anajua kwamba pengo linalozidi 180 linafanya mahali pa mtetemo pasiaminike kwa upande usio na kituo. Na elimu ya mahali ilikuwa dhidi yetu: ufa wa Bwamba, uliojulikana kwa muda mrefu, unashuka magharibi, na bapa mojawapo la vituo vya dunia lilikubaliana nao. Sisi tulichagua lile lililoafikiana na mchoro wetu na kuuita ulinganifu huo uthibitisho. Kati ya mabapa mawili yanayoinamia pande tofauti, mchoro wowote unaoinama ungepata wa kukubaliana naye.

Nilipofanya jaribio ambalo lilipaswa kufanywa siku ya nane, lilinichukua alasiri moja. Nilibuni mitetemo mia mahali pamoja, nikakokotoa nyakati za mawimbi yake hadi kwenye vituo vitatu vya mashariki, nikaongeza makosa madogo ya kusoma, kisha nikaiambia programu itafute vyanzo kana kwamba haijui. Ilinirudishia upinde ule ule, ukiinamia mashariki kwa pembe ile ile. Jaribio hilo linafanyika kwenye kompyuta ya kawaida, kabla hata ya kituo cha kwanza kusimikwa, na sasa tunalifanya kwa kila mpangilio wa vituo kabla ya kupakia gari.

Kuhusu kuwapa watu ramani mapema, nimebishana sana na wenzangu. Wapo wanaosema tusingesema chochote kabla ya kuwa na uhakika. Sikubaliani nao kikamilifu, kwa sababu kamati ingeamua juu ya madarasa kwa vyovyote, nasi kunyamaza kungewaacha na uvumi. Tulichopaswa kufanya ni kutoa kile kilichokuwa imara, yaani hesabu ya kupungua na ukubwa unaotarajiwa, na kukataa kabisa kugawa nchi katika upande tulivu na upande wa hatari kwa ufa wa kilometa 6, wakati makosa yetu ya mahali yalikuwa makubwa kama ufa wenyewe. Darasa lenye ukuta uliopasuka halifai kwa mtoto upande wowote wa ufa.

Ncha ya kaskazini ya mpasuko haikuwa safi kama ya kusini hata baada ya marekebisho, kwa kuwa pengo la upande wa Kongo lilipungua lakini halikuzibika. Kituo cha mwambani kimebaki pale kwenye kakao. Mwalimu mkuu amenunua daftari la pili, na safu ya ngurumo sasa ina mistari miwili: mmoja kwa hesabu yake, mwingine kwa sekunde za kipimatetemeko, ambazo wanafunzi wa darasa la saba wanazinakili kila Ijumaa.